Mtoto Aliyemo Jichoni

Tarehe 3 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini wewe na cherehani yako hamjambo. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo imechubuka.

Nilikwambia nimepewa kazi ya kusema. Wauguzi wenzangu wanabaki wodini, mimi natangulia na gari la kliniki, nashika kipaza sauti, nawaeleza wazee kwamba macho yao yanatibika. Nilidhani ni kazi ya mteremko. Mtu haoni, unamwambia ataona, atakataaje? Bibi, wanakataa! Juzi tulisimama kwenye uwanja wa shule. Walikuja wengi, wakakaa kwenye madawati ya watoto, fimbo zao mapajani. Niliwaeleza kila kitu: mashine tulizo nazo, darubini mpya, daktari wetu alivyosoma, kwamba hakuna maumivu na hakuna malipo. Nikamaliza kwa nguvu zote, "Njooni mtolewe mtoto wa jicho!"

Wakanipigia makofi. Halafu wakainuka mmoja mmoja wakaenda zao. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Umesema vizuri sana, mwanangu," kisha akaondoka akipapasa ukuta.

Daktari hakunigombeza. Alikunja tu shuka za kitanda ambacho hakikulaliwa na mtu, akasema jaribu tena. Afadhali angenigombeza.

Wewe umeishi na wateja tangu kabla sijazaliwa. Mtu anakuja kupunguza suruali, anaondoka ameagiza suti. Niambie unawafanyaje. Najua simu huitaki, kwa hiyo nasubiri barua.

Mjukuu wako,
Pini


Tarehe 15 Machi

Pini wangu,

Marahaba. Usishangae mwandiko. Mkono wangu umevimba kwa sababu ya mkasi, kwa hiyo mimi nasema, na Kinyozi wa mlango wa pili anaandika. Nimemwonya aandike yangu tu, asitie lake. (Sawa. Kinyozi.)

Simu siitaki kweli. Inanipigia kelele sikioni, halafu inakata kabla sijafika kwenye la maana.

Kosa lako nililiona hata kabla sijamaliza kusomewa barua. Fundi anayesifu mkasi wake hapati mteja. Mteja hakuja kuoa mkasi! Wewe unawaambia wazee habari za mashine na darubini, wao wana haja gani na darubini? Kuna mtu pale anataka tu aone kama chumvi imeingia kwenye chakula au kwenye chai.

La pili. Mtu aliyenenepa haambiwi amenenepa. Anaambiwa kitambaa kimerudi, kimepungua baada ya kufuliwa. Muondolee aibu kwanza, atakuachia umpime.

La tatu, na hili ndilo kubwa, ndiyo maana nimelichelewesha. Mpe kiti, kisha nyamaza. Mtu akikalishwa mbele ya fundi aliyenyamaza, mwenyewe ataanza kusema anachokitaka, na mara nyingi sicho alichokuja nacho. Wanasema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Ni kweli, lakini ujue kwanza pango liko wapi. Wewe unaimbia kichuguu.

Nimekutumia gauni la kijani. Mtu anayesema mbele ya watu asivae kama gunia. Kinyozi anasema limependeza. (Nilisema hivyo.)

Bibi yako,
Fundi


Tarehe 2 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimeyatumia mafunzo yako, na moja limenitia aibu. Kuna mzee alikuja analalamika hawezi tena kusoma gazeti. Nikakumbuka kitambaa kilichorudi. Nikamwambia, "Baba, macho yako hayana kosa, siku hizi magazeti wanayachapa kwa herufi ndogo." Akafurahi sana! "Kumbe! Basi sina haja na nyinyi," akasema, akaenda zake. Daktari alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini siku hiyo hiyo Daktari aliniita chumba cha upasuaji. Alisema siwezi kuwasimulia watu jambo nisilolijua. Akaniweka kwenye darubini ya pembeni, nikatazama. Bibi, nitakuelezaje? Jicho la mzee mmoja lilikuwa kubwa kama sahani. Sikujua kwamba jicho limesukwa. Lina nyuzi, Bibi, nyuzi za kahawia na za dhahabu, zimepangwa kuzunguka kile kiduara cha katikati vizuri kuliko ushonaji wowote, hata wako. Na pale katikati, panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa peupe kama maji yaliyooshewa mchele.

Daktari akafungua kimlango kidogo kuliko punje. Akakivunja kile cheupe, akakifyonza polepole. Mara nyuma yake pakawaka! Pakawaka wekundu, kama mtu amefungua dirisha la chumba chenye moto. Nilishtuka nikajiondoa kwenye darubini. Daktari akasema ni mwanga tu, unafika nyuma ya jicho na kurudi. Anasema ni mwanga tu! Kisha kioo kipya kikaingia kimekunjwa, na humo ndani kikajikunjua chenyewe, taratibu, bila kuguswa. Nilitoka nje nikasimama kwenye korido nisijue pa kuweka mikono. Sijawahi kushikwa na kicho namna ile.

Sasa nisikilize. Gauni limenikaa vizuri, lakini umelishona kwa uzi wa buluu. Buluu kwenye kijani! Wewe uliyenifumulisha mfuko mzima wa shule kwa sababu rangi ya uzi ilipishana kidogo na kitambaa. Na barua yako inasema "kusomewa". Mkono uliovimba hauzuii mtu kusoma.

Mganga hajigangi, nalijua hilo. Lakini tangu lini, Bibi? Njoo huku utolewe mtoto wa jicho. Nakuomba usikawie, kwa sababu akiachwa akakomaa kupita kiasi anaweza kuliharibu jicho kabisa, na hapo hata Daktari hataweza kitu.

Pini


Tarehe 14 Aprili

Pini,

Marahaba.

Uzi wa buluu ndio mtindo mpya. (Si mtindo. Siku ile nilikuwa na mteja, sikuwepo kumchagulia uzi. Nisamehe. Kinyozi.)

Huyu mtu anaandika mengi kuliko ninayosema. Naisikia kalamu inavyokwenda.

Haya, iwe hivyo. Sioni vizuri. Jicho la kushoto halina kitu, la kulia lina ukungu. Kila asubuhi Kinyozi ananitungia sindano kabla hajafungua duka lake, ananipangia nyuzi kuanzia nyeupe hadi nyeusi, na mimi nashona kwa vidole. Vidole vyangu vinajua kazi. Wateja hawajagundua, au wamegundua wananistahi. Basi. Umeridhika?

Huko siji. Nina kazi nyingi. Tena basi linanitapisha. Tena nani atalinda cherehani? (Mimi. Kinyozi.)

Pini, nitakwambia ukweli, kwa sababu nikikuficha utakuja mwenyewe. Unakumbuka mama yako alipotutoka? Ulilia mpaka sauti ikapotea. Nilikupandisha juu ya meza ya kukatia, nikakwambia nitazame jichoni. Nikakuuliza, unamwona nani? Ukasema, namwona mtoto. Nikakwambia huyo ndiye anayeniwezesha kuona. Anakaa humo, na maadamu yumo wewe huwezi kunipotea. Ukanyamaza, ukalala. Hayo sikuyatunga. Niliambiwa na bibi yangu, naye aliambiwa na wake, na wote waliona mpaka siku zao za mwisho.

Sasa wewe huyo huyo unaniandikia nije nitolewe mtoto wa jicho. Mwenyewe umeliandika jina lake! Daktari wenu mwenyewe anamwita mtoto. Akishatolewa, nitaona na nani? Nimebakiwa na ukungu, lakini ukungu wangu una mtu ndani. Sitaki kukaa kwenye kiti nimeachiwa tundu.

Usinibembeleze. Mimi ndiye niliyekufundisha kubembeleza.

Bibi yako


Tarehe 25 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kisha nikaenda mpaka kwa yule mama aliyenishika mkono uwanjani. Nilimpa kiti, nikanyamaza kama ulivyoniambia. Tulikaa kimya mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema mwenyewe, kwa sauti ya chini kama anasengenya, "Mwanangu, mnasema mtamtoa mtoto. Jicho litaona na nani?"

Maneno yako yale yale, Bibi! Na yeye aliambiwa na bibi yake. Kumbe muda wote nilikuwa nasimama na kipaza sauti mbele ya watu waliokwishaambiwa na waliowapenda kwamba mle ndani kuna mtu, nami nawapigia kelele waje tumtoe. Ningekuwa mimi, ningekimbia. Wao walinipigia makofi kwa adabu tu.

Nilikuwa nimekuandikia kurasa nyingi za kukueleza jicho lilivyo. Nimezichana. Sikwambii uje. Nakuomba jambo moja tu. Mchana, jua likiwa zuri, kaa barazani. Mwambie Kinyozi akutazame jichoni kwa karibu, kama mimi nilivyokutazama siku ile juu ya meza, akwambie kama mtoto yumo. Usimwamini yeye peke yake, maana anakuogopa. Waulize na wengine.

Sina zaidi. Nimekupa kiti, nanyamaza.

Mtoto wako,
Pini

Kinyozi, wewe nakuomba useme ukweli, hata akikutishia mkasi.


Tarehe 9 Mei

Dada Pini,

Salaam. Leo naandika yangu mwenyewe, kwa sababu Fundi amenyamaza tangu jana, jambo ambalo halijawahi kutokea mtaa huu.

Barua yako nilimsomea. Akasema, "Anacheza na mimi huyu." Lakini akatoa kiti barazani akakiweka juani. Nikainama nikatazama. Dada, mimi nimetazama nyuso za watu kwa karibu maisha yangu yote, maana ndiyo kazi yangu, lakini nilikuwa sijamtazama mtu namna hiyo. Unaona haya. Jicho la kushoto ni jeupe lote. La kulia, ukungu mtupu. Nikasema, "Fundi, simwoni mtu." Akaniambia mimi ndiye kipofu, na ndiyo maana nywele nazikata upande.

Akamwita mama wa dukani. Mama wa dukani akatazama, akasema hamwoni. Akamwita tarishi, akaja na mfuko wake begani, akatazama, akavua kofia. Walikuja wateja wangu wakiwa na povu la kunyolewa mashavuni. Kila mmoja alipiga goti mbele ya kile kiti, akatazama, akatikisa kichwa. Kila mtu alikuwa anamtafuta huyo mtoto, na nakuapia tulitaka awepo.

Mwisho akapita muuza mkaa. Unaujua ulimi wake. Fundi akamwambia, "Wewe huna adabu ya kunidanganya, hebu tazama." Akafuta mikono, akatazama muda mrefu kuliko sote. Akasema, "Kuna pazia jeupe, Bibi. Kama yumo, basi yuko nyuma ya pazia."

Fundi alikaa pale mpaka jua likahama baraza. Kisha akaniambia niulizie basi. Nikamwuliza, kwa hiyo Pini amekushinda? Akasema, "Mwandikie kwamba sijashawishika hata kidogo. Naenda kumtafuta mtoto."

Mfungulie mlango. Cherehani ninayo mimi.

Kinyozi


Tarehe 20 Juni

Pini wangu,

Mwandiko huu ni wangu. Umepinda, lakini ni wangu. Kinyozi ameomba asome kabla sijafunga bahasha, nimemkatalia.

Mengi sikukwambia kule kliniki, kwa sababu ulikuwa na wagonjwa wengine, na mimi nilikuwa sina maneno. Sasa ninayo kidogo.

Nilipofika nyumbani niligundua kwamba nyumba yangu ni chafu. Chafu, Pini! Utando wa buibui kwenye kila pembe, na watu wote hawa walikuwa wanaingia wananisalimu kwa heshima. Nilifagia nikiwaonea aibu. Halafu Kinyozi akaja, nikakuta ana mvi. Lini ameota mvi? Na mtaa mzima nywele zimekatwa upande, niliyosema kwa hasira kumbe ni kweli.

Kisha nikatazama mikono yangu. Nilidhani ni ya mama. Nilikaa nayo mapajani nikamsalimu.

Lakini buluu, mjukuu wangu, ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa nimesahau kwamba ipo. Nilitoka barazani asubuhi nikainua kichwa, na ile buluu ilikuwa juu yetu sote, imetandazwa bure, haina mshono hata mmoja. Niliita watu. Nikawaambia tazameni! Wakatazama, wakaniuliza kuna nini. Nikawahurumia. Maisha yangu yote nimeuza vitambaa vya rangi ile, na sikuwahi kuogopa mbele yake kama nilivyoogopa siku ile. Nilikaa mpaka shingo ikaniuma.

Na nimelikumbuka gauni. Buluu kwenye kijani! Nimelala sikupata usingizi. Lirudishe upesi nilifumue kabla hujalivaa mbele za watu.

Neno moja linanisumbua. Siku mliyonifungua kitambaa jichoni uliinama karibu sana, ukatazama, halafu ukalia. Nilidhani umeona kitu kibaya, umenificha. Niambie. Kama jicho lina kasoro nataka nijue.

Bibi yako,
Fundi


Tarehe 1 Julai

Bibi yangu,

Shikamoo. Jicho halina kasoro.

Tangu uliposhuka kwenye basi nilikuwa nakuchungulia kwa jicho la pembeni. Kila nilipokushika mkono, kila nilipokuvalisha viatu, namtafuta. Hakuwepo. Nilikuwa mtu mzima mwenye koti la kazi, najua fika kwamba yule mtoto ni kivuli changu tu kinachoonekana kwenye kioo cha jicho, na bado nilikuwa nauma midomo kwa sababu simo. Siku ile nilipokufungua kitambaa, katikati palikuwa peusi, safi, panang'aa. Na ndani yake alisimama mtu mdogo wa koti jeupe, mdomo wazi. Ni kama nilikuwa nimerudi juu ya meza yako ya kukatia, Bibi. Ndiyo maana nililia.

Wiki iliyopita tulirudi kwenye ule uwanja wa shule. Nilivaa gauni la kijani. Kipaza sauti nilikiacha garini. Walikuja wale wale, wakakaa kwenye madawati, na mimi nikachukua dawati nikakaa kati yao. Nilikaa kimya mpaka wakaanza kukohoa. Kisha nikasema, "Mwenye macho haambiwi tazama, lakini leo nawaambia. Geuka umtazame uliyekuja naye. Mtafute mtoto jichoni mwake."

Basi. Sikusema jingine.

Laiti ungekuwepo! Uwanja mzima uligeuka. Watu walioishi nyumba moja tangu ujana, ambao sidhani kama walikuwa wametazamana hivyo tangu siku ya harusi, walishikana nyuso kwa mikono yao. Wengine walicheka kwa haya, kisha kicheko kikaisha. Ungesikia upepo tu kwenye bendera ya shule. Daktari alisimama kwenye mlango wa gari na glavu zake mkononi, hakusogea. Mimi niliyekuwa nimewataka wanisikilize tangu Machi, nilitamani hata kupumua nisisikike.

Palikuwa na mzee mmoja, mrefu, amekuja na mkewe. Alimtazama jicho moja, akatazama la pili, akarudi la kwanza. Halafu akasema kwa sauti, kama mtu aliyeibiwa, "Mama watoto, mimi simo humu!"

Mkewe akamwuliza, "Wewe humo tangu lini?"

Mzee alimshika mkono akamleta mpaka kwenye gari, na nyuma yao madawati yakaanza kuburuzwa. Vitanda havikutosha, Bibi. Daktari amesema gari litakaa hapa mpaka wa mwisho atibiwe.

Gauni silirudishi. Kama nilivyoambiwa na fundi mmoja mkubwa, uzi wa buluu ndio mtindo mpya. Lakini wewe rudi, jicho la kushoto linakusubiri, na safari hii sikubembelezi.

Yule mke tulimfungua kitambaa asubuhi iliyofuata. Mumewe alikuwa amekaa nje ya mlango tangu kulipokucha, kofia mkononi. Nikampisha mahali pangu. Alipiga goti mbele ya kitanda, akamkaribia mpaka pua zikakaribia kugusana, akatazama kwa muda mrefu.

"Nimo," akasema.

Mtoto wako,
Pini